Jenga, Kisha Ukae Ndani

Andiko la msingi: Luka 14:28-30



Jumapili iliyopita niliposoma mfano wa mtu aliyeanza mnara akashindwa kuumaliza, kanisa lilicheka. Nadhani kila mmoja wetu alikuwa na ploti fulani akilini. Ukienda Langas, Kimumu au Maili Nne hutakosa kuiona: msingi wa vyumba sita, kuta zimefika kwa madirisha, nyasi zimeota pale sebule ingekuwa, na vyuma vya nguzo vimeshika kutu. Mwenyewe yuko wapi? Mara nyingi yuko mtaa wa pili, chumba kimoja cha kukodi, yeye na mkewe na watoto wanne.

Baada ya ibada wengi mliniuliza swali moja, na naona ni vizuri nilijibu kwa maandishi. Mkristo anayejenga kidogo kidogo, mwaka huu chumba, mwaka ujao plasta, anavunja neno la Yesu? Je, tungoje mpaka tuwe na pesa zote mkononi?

Kwanza tukumbuke kwamba siku ile Yesu hakuwa anafundisha ujenzi. Umati ulikuwa unamfuata, naye akataka wajue kwamba kumfuata kuna gharama. Alichukua mfano wa mnara, na mnara una tabia yake. Mnara uliofika nusu haukusaidii kitu. Huwezi kulinda shamba ukiwa umesimama kwa nusu ya ngazi. Nyumba ni tofauti. Vyumba viwili vyenye paa na mlango tayari ni nyumba, hata kama ramani inasema vyumba sita. Kwa hivyo mimi naona aliyechekwa pale hakuchekwa kwa sababu alijenga polepole. Alichekwa kwa sababu aliweka msingi mkubwa kuliko mfuko wake, na hakuna mtu aliyepata faida ya jasho lake.

Sasa soma sehemu nyingine Biblia inapozungumza juu ya nyumba. Katika Kumbukumbu la Torati 20:5, mtu aliyejenga nyumba mpya na bado hajaiweka wakfu anaruhusiwa kurudi kutoka vitani, asije akafa na mwingine akaifungua. Katika sura ya 28, mstari wa 30, kujenga nyumba na kukosa kukaa ndani kumeorodheshwa pamoja na laana. Na Yeremia 29:5, barua kwa watu waliochukuliwa mateka Babeli, inawaambia wajenge na wakae. Maneno hayo mawili yanatembea pamoja. Swali ambalo Mungu anatuuliza ni nani analala ndani ya kile tulichojenga. Kuhusu miaka uliyotumia, hata Sulemani alitumia miaka 13 kwa nyumba yake mwenyewe.

Mimi nilisomea biashara, mnivumilie nipige hesabu kidogo. Chukua mume na mke ambao tayari wana ploti. Kila mwezi wanaweka kando shilingi 8,000 za kujenga, na wanalipa kodi ya nyumba shilingi 7,000. Kwa mwaka wanaweka 96,000. Wakingoja kumaliza nyumba yote ndipo wahamie, katika miaka 10 watakuwa wameweka 960,000 kwenye mjengo, na wamempa mwenye nyumba 840,000.

Wenzao wana mapato hayo hayo. Wao baada ya miaka 3 wanachukua 288,000 walizoweka, wanasimamisha vyumba viwili vya mbao na mabati, sakafu ya simiti, choo na tangi la maji, halafu wanahama. Kuanzia hapo ile 7,000 ya kodi ni yao. Sasa wanaweka 180,000 kwa mwaka, na kwa miaka 7 inayobaki hiyo ni 1,260,000. Jumla yao ni 1,548,000. Mshahara ni ule ule, miaka ni ile ile. Tofauti imetoka kwa kukubali kukaa ndani ya kitu kidogo.

Kuna mtu atasema, "Pasta, kujenga kidogo halafu kubomoa ni hasara mara mbili." Ana haki. Ndiyo maana kupiga hesabu ni lazima, na Yesu alisema mtu aketi kwanza. Fanya utafutaji rasmi wa shamba kwa ofisi ya ardhi kabla ya kununua hata jiwe moja. Chora nyumba yote kwenye karatasi, ipitishwe na kaunti, halafu uweke vile vyumba viwili mahali ambapo baadaye vitakuwa jikoni na stoo. Mawe yatakungoja mwaka mzima, lakini simiti haingoji, ikishika unyevu inaganda kwenye mfuko. Na kwa mvua ya hapa Eldoret, ukuta usio na paa unazeeka kabla haujazaa matunda. Usipandishe ukuta mwingine kama ule wa kwanza haujafunikwa.

Mwingine atasema ni aibu. Sisi tunaishi mji wa wanariadha, na macho yetu yamezoea nyumba za Elgon View. Lakini mwanariadha akishinda marathoni analipwa kwa mkupuo, na mshahara wa mwalimu au faida ya kibanda cha mboga haiji hivyo. Ukiazima ramani ya mtu anayelipwa mara moja, wewe unayelipwa kidogo kidogo, tayari umeanza ule mnara. Isitoshe, kanisa letu lilianza kwa hema, likaenda mabati, na hata sasa silingi hatujaweka. Sijasikia mtu akisema Roho Mtakatifu alingoja tupake rangi.

Lazima pia niseme neno kwa upande wa pili. Wengi wetu tunaweka pesa kwa mawe kwa sababu pesa iliyo kwa simu ni ya kila mtu. Leo ni matanga, kesho ni karo ya binamu, Jumamosi ni harambee. Lori la mawe haliwezi kutumwa kwa M-Pesa, kwa hivyo linabaki. Hiyo ni busara na siilaumu. Lakini kuna mahali busara inageuka. Kama mtoto wako mwenyewe amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na wewe wiki hiyo hiyo unapokea lori, hiyo nyumba imeanza kula watu ambao ilikuwa inajengwa kwa ajili yao. Mzigo wa mjengo usiokamilika mara nyingi haumwangukii yule anayeuonyesha wageni. Unamwangukia mama anayepika nje kwenye mvua, na mume aliyeko Qatar ambaye watoto wake wanamjua kwa simu tu. Ukipiga hesabu ya mawe, hesabu na hao pia.

Nyumba ya wazazi wangu ilichukua miaka 21. Baba ndiye aliyelipa fundi, na kijijini iliitwa nyumba ya mzee. Lakini mama ndiye aliyeteka maji ya kuchanganya udongo, akalisha mafundi, akauza maziwa, na kila Disemba akakandika upya ukuta wa jikoni. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 hapa Kenya inatambua kwamba mchango si pesa peke yake. Kazi ya nyumbani, kulea watoto na kulima vinahesabiwa. Ndugu zangu, kama serikali imeona hilo, sisi tuliookoka tusiwe nyuma. Zungumza na mke wako kuhusu jina lililo kwenye hati.

Nimeacha jambo zito mwisho. Kuna watu katika kanisa hili ambao walijenga kwa miaka mingi na mwanzoni mwa 2008 wakapoteza yote kwa usiku mmoja. Tunajua yaliyotokea katika kanisa la Kiambaa tarehe 1 Januari mwaka ule. Tunajua familia zilizolala kwenye hema pale Showground. Wako ambao tangu siku hiyo hawajaweka jiwe lingine hapa. Wana pesa, lakini wanaishi kama wasafiri, sanduku karibu na mlango. Siwezi kuwaambia waache kuogopa. Sina haki hiyo.

Naweza tu kusema mambo mawili. La kwanza, nyumba uliyokaa ndani haikupotea yote. Kama mliishi humo miaka 8, hapo watoto walijifunza kusoma, wageni walikula, maombi yalipanda. Moto haukufika huko. Aliyengoja hadi amalize ndiye aliyenyimwa hata hiyo miaka. La pili, ile barua ya Yeremia iliandikiwa watu waliokuwa na kila sababu ya kukaa na sanduku mlangoni. Mungu aliwaambia wajenge, wapande bustani, na wautafutie mji ule amani. Kujenga kwa mawe karibu na jirani ni kumwamini jirani. Basi deni haliko kwa anayeogopa peke yake. Sisi wengine tuna deni la kuwa majirani ambao mtu anaweza kujenga karibu nao. Mwezi wa uchaguzi ukifika, hilo ndilo litakalopimwa, si ubora wa simiti.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali lenu ni hili. Kujenga kidogo kidogo si dhambi wala si ukosefu wa imani. Piga hesabu ya chumba kimoja unachoweza kumaliza, kimalize, ingia na watu wako, shukuru, halafu piga hesabu ya kingine. Hata kumfuata Yesu, ile gharama tuliyoambiwa tuihesabu, hakuna aliyeilipa yote siku aliyookoka. Tunailipa siku kwa siku, na wakati huo huo tayari tunaishi ndani ya neema.

Ya kujadiliana katika ushirika wa nyumbani wiki hii:

1. Katika mjengo wenu, ni nani anayebeba mzigo ambao hauonekani?
2. Kuna chumba gani mnachoweza kukimaliza mwaka huu bila deni?
3. Ni jirani gani wa kabila lingine ambaye mnaweza kumtembelea kabla ya mwezi kuisha?

Mungu abariki nyumba zenu, zilizokwisha na ambazo bado.

Wenu katika Bwana,
Mchungaji Msaidizi