Kurudisha Si Kutoa

Vitabu vya kuwafundishia watoto wetu Kiingereza vina mada zake vipenzi. Kuna mila na desturi, kuna hazina za kale, na kuna matendo ya wema. Mara nyingine zote tatu hukutanishwa katika kifungu kimoja cha ufahamu: kitu cha kale cha jamii fulani kilipotea, kikaonekana ng'ambo, watu wazuri wakakirudisha, wazee wakacheza ngoma. Chini yake kuna maswali. La mwisho huwa, ni nani aliyeonyesha wema katika habari hii? Mtoto anajua jibu linalotakiwa. Ni yule aliyerudisha.

Jibu hilo nataka kulipinga, ingawa si lote. Mtu akirudisha kitu kilichoibwa, ametenda wema au amelipa deni? Na sisi tuliorudishiwa, tunadaiwa asante?

Tusiliongee hewani. Tuna kisa chetu wenyewe hapa pwani, kisa cha vigango.

Kwa asiyejua, kigango ni ubao mnene wa mti mgumu, mrefu kama mtu au kumzidi, wenye kichwa juu na nakshi za pembetatu zilizochongwa kiwiliwili chote. Wamijikenda, na hasa Wagiriama, humsimamishia marehemu aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na uwezo. Hakisimamishwi siku ya mazishi. Marehemu huwajia watu wake ndotoni, au mji huandamwa na maradhi na mikosi, na baada ya kutazamia inajulikana kwamba mzee anadai mahali pake. Hapo ndipo gharama hutafutwa, mchongaji akaitwa, na sadaka ikatolewa. Tangu siku hiyo lile si gogo tena. Ni mzee mwenyewe amesimama pale, anamwagiwa tembo, anaambiwa habari za nyumbani. Na hahamishwi. Familia ikihama, kigango hubaki palepale, jua na mvua na mchwa wakifanya kazi yao mpaka kiishe.

Sasa fikiria kimeng'olewa usiku.

Ndivyo ilivyokuwa, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, utalii wa pwani ulipopamba moto. Kigango kiling'olewa, kikafika kwenye maduka ya vinyago, kikavuka bahari, kikauzwa kama sanaa ya Afrika kwa watu wenye nyumba kubwa na kuta tupu. Baadaye wenye nyumba hizo walivitoa vingi kwa makavazi. Mwaka 1990 makavazi ya sayansi na maumbile ya Denver yalipokea vigango 30 kutoka kwa mwigizaji Gene Hackman na mtayarishaji filamu Art Linson. Watafiti waliokuja kuhesabu walikuta karibu 300 katika makavazi 19 ya Marekani pekee.

Angalia mnyororo huo vizuri. Aliyeng'oa alipewa pesa kidogo akaenda zake. Mwenye duka alinunua. Tajiri wa ng'ambo alinunua kwa jasho lake, pengine akapewa na risiti. Makavazi yalipewa zawadi. Ukiwauliza mmoja mmoja, ukimwacha yule wa kwanza, kila mtu ana mikono safi. Lakini mzee hayupo kwao. Hilo ndilo jambo la ajabu kuhusu wizi: unaweza kupita mikononi mwa watu waungwana kumi na usigeuke kuwa halali. Kimoja kati ya vigango vilivyopatikana kilikuwa katika makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, chuo kilichoanzishwa mwaka 1868 kuwasomesha watu weusi waliotoka utumwani. Watu ambao babu zao waliibwa Afrika walikuwa wamehifadhi babu wa mtu mwingine aliyeibwa Afrika, na hakuna aliyekusudia ubaya.

Jinsi kilivyojulikana ni hadithi inayostahili kusimuliwa. Mwaka 1985, mwanaanthropolojia Monica Udvardy, Mmarekani aliyekuwa akifanya utafiti huku, alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye akarudi kumpelekea mzee picha yake. Mzee alikuwa na habari mbaya: vigango vimeibwa, na je, mama huyu anaweza kumsaidia kuvitafuta? Miaka ikapita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy aliona picha ya kigango kwenye ukuta akakitambua. Kati ya viwili vile vya mzee, kimoja kilikuwa kile cha Hampton. Cha pili kilionekana Illinois. Mzee alikuwa ameshafariki. Cha Illinois kilirudi kwa familia yake mwaka 2007.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto wa shule. Nani ameonyesha wema?

Kuna wanaosema: makavazi, bila shaka. Na hoja yao si ya kupuuzwa. Sheria ya Marekani inayoyalazimisha makavazi kurudisha vitu vitakatifu na mabaki ya mababu inawahusu wenyeji asilia wa Marekani, haimhusu Mgiriama. Hakuna polisi aliyekuwa mlangoni. Denver waliamua wenyewe mwaka 2014 kwamba vile 30 si vyao, na mwaka 2019 vikafika Kenya. Mtu anayefanya jambo zuri pasipo kulazimishwa, si huo ndio wema wenyewe?

Mimi nasema hapana, na nitatumia mfano wa nyumbani. Ng'ombe wako amekatika kamba akaingia katika zizi langu. Hakuna shahidi, hana alama, na chifu yuko mbali. Nikikurudishia, hakuna aliyenilazimisha. Lakini je, nimekupa ng'ombe? Sijakupa. Ng'ombe alikuwa wako alipokuwa kwangu, na angekuwa wako hata kama ningemficha miaka hamsini. Kukosekana kwa polisi kunabadilisha kitu kimoja tu, kama nitashikwa au sitashikwa. Hakubadilishi mwenye mali. Dawa ya deni ni kulipa, na methali hiyo haijaongeza "ukishtakiwa".

Hata hivyo, nikikuletea ng'ombe wako utaniambia asante. Kila mtu angesema, na asiyesema angeonekana hana adabu. Basi asante hiyo ni ya nini? Nadhani ni ya moyo, si ya ng'ombe. Unashukuru kwamba umeangukia jirani mwaminifu, kwamba nimetembea na jua lote hili badala ya kungoja uje kutafuta. Asante ya namna hiyo ni halali, na hata makavazi yanastahili kuipata. Lakini asante si risiti. Haifuti swali la nani alikuwa anamdai nani, wala haizuii kuuliza maziwa ya miaka yote ile yalikwenda wapi.

Kwa nini nasumbuka na maneno? Kwa sababu neno "wema" lina meno. Mtenda wema ana haki ambazo mlipa deni hana. Anaweza kuchagua wakati. Anaweza kuweka masharti. Anaweza kusema, nitawapa lakini kwanza mnionyeshe mtakiweka wapi. Anaweza kuazima badala ya kurudisha, kisha apigiwe makofi. Na anaweza kukataa bila kuitwa mwovu, maana hakuna anayelazimishwa kuwa mkarimu. Mlipa deni hana hata moja kati ya hayo. Ukikubali kuita malipo zawadi, umeshampa mdeni wako kiti cha mwenyekiti.

Tazama ngoma ya Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa mwanzoni mwa utawala wa Waingereza ikaishia katika British Museum jijini London. Wazee wa Kipokomo waliofunga safari mwaka 2016 kwenda kuiona hawakuikuta ukumbini ikitazamwa na watu. Ilikuwa stoo. Ukiuliza kuhusu vitu vya aina hii unaambiwa kuna sheria ya mwaka 1963 inayoizuia bodi ya makavazi hayo kutoa mali yake, isipokuwa kwa sababu chache sana. Sawa. Lakini sheria hiyo ilitungwa na bunge la nchi ileile iliyokuja ikachukua ngoma. Mdeni ametunga sheria ya kumzuia asilipe, kisha anatuonyesha jinsi alivyofungwa mikono!

Sharti linalopendwa zaidi ni lile la utunzaji. Mtaweza kuhifadhi? Mna chumba chenye baridi inayofaa? Swali hilo linasikika kama upendo, na wanaoliuliza wengi wao wanakipenda kitu kwa dhati. Lakini kigango linalipasua katikati. Kigango hakikuchongwa kidumu milele. Kilichongwa kisimame, kizeeke, kioze mahali pake, kama mzee yeyote. Kwa hiyo yule anayekilinda na mchwa ndani ya kabati la kioo anamtendea mzee kitu ambacho hakuna mtu wake angemtendea. Familia ikisema, tuacheni kioze, wana haki? Naamini wanayo. Anayeweza kutumia mali yake kwa njia moja tu, ile inayompendeza aliyekuwa amemnyang'anya, hajarudishiwa mali. Amepewa kazi ya ulinzi.

Hapa sitaki kujifanya kwamba mambo ni mepesi, maana deni lenyewe lina shida ya anwani. Yule mzee alikuwa na picha. Vingi katika vile vingine havina. Vibandiko vyake vilisema Giriama, Kenya, basi. Ukirudisha vigango 30 bila majina, unamrudishia nani? Serikali inavipokea kwa niaba ya wote, na vikikaa katika stoo ya Nairobi badala ya stoo ya Denver, mzee bado yuko mbali na mji wake. Ni afadhali, maana mjukuu anaweza kupanda basi akaenda kumtafuta. Lakini tusiseme deni limeisha. Limehamia kwetu.

Na hapo ndipo kifungu cha ufahamu kinapotuponyoka kabisa, kwa sababu sisi Wakenya tumezoea kusoma hadithi hii tukiwa upande wa walioibiwa. Aliyeng'oa kigango hakutoka Marekani. Mgeni hajui njia ya kwenda kwenye mji wa fulani usiku, wala hajui ni kigango kipi hakina mtu wa kukiangalia. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa kijana wa karibu, mwenye njaa au mwenye tamaa, ambaye pengine shuleni na kanisani alikuwa ameambiwa kwamba yale ni masanamu ya washenzi. Kama ni ushenzi, ubaya uko wapi akiuza?

Siku hizi kuna baya zaidi. Kilifi imekuwa ikiandikwa kila mwaka kwa habari za wazee wanaouawa wakidaiwa kuwa wachawi, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa mashamba. Mvi zimekuwa ushahidi. Wanaouawa ndio watu wa rika la wazee wa kaya, wanaojua kigango ni cha nani na maneno gani husemwa kikisimamishwa. Mwaka 2008 misitu ya kaya iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na mwaka uliofuata mila zinazohusiana na kaya zikawekwa katika orodha ya zile zinazohitaji kulindwa haraka. Kulindwa na nani? Tunapeleka wajumbe ng'ambo kudai babu wa mti huku babu wa nyama na damu analala mlango wazi masikio. Siku moja makavazi yatatuuliza, kwa sauti ya upole, kama tunaweza kuwatunza wazee wetu. Nitaona aibu, ingawa swali lao halitapunguza deni lao hata senti.

Basi wema uko wapi katika habari hii? Upo, ila si pale kitabu kinapoelekeza kidole. Udvardy hakung'oa kigango. Hakudaiwa. Angeweza kumpa mzee pole, akatia picha kwenye faili na kuendelea na masomo yake. Kumpelekea mzee picha kulikuwa wema mdogo, wa kawaida, ule ambao watafiti wengi huahidi na wachache hutimiza. Kubeba ombi la mzee kwa miaka kumi na kitu, na kulifuatilia hata baada ya mwombaji kufa, kulikuwa wema mkubwa. Na ule mdogo ndio uliouzaa mkubwa, maana bila picha ile familia isingekuwa na ushahidi. Watu husema wema hauozi. Kigango kinaoza na kinatakiwa kioze, lakini kitendo kile kimebaki.

Kwa hiyo mtoto akiletewa swali lile darasani, mimi ningependa alijibu kwa sentensi mbili. Makavazi yalilipa deni, na yalifanya vyema kulipa. Aliyeonyesha wema ni yule ambaye hakudaiwa kitu na bado akahangaika. Huenda mwalimu akamkata alama, kwa kuwa mwongozo una jibu moja tu. Lakini atakuwa ameelewa habari kuliko mwandishi wake, na labda atakapokuwa mkubwa, akiletewa mzee wake ndani ya sanduku, atajua la kusema kwanza. Hatasema asante. Atamwambia mzee pole kwa safari. Kisha atawageukia wageni, awape maji, awakaribishe kiti, na awashukuru kwa mwendo.