Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Ukishuka leo uwanja wa ndege wa Sea-Tac na mabegi yako, kabla wiki haijaisha utakuwa umeshasikia habari za kazi. Mtu wa kwenu atakuambia, pengine kwenye chakula cha kukukaribisha, kwamba jimbo la Washington halikosi kazi ya kuosha wazee. Atasema kwa sauti ya chini kidogo, kama anayekuomba radhi. Naomba uikatae sauti hiyo papo hapo. Ndiyo inayowafanya watu wetu waingie kwenye taaluma nzima wakiinamisha kichwa, wakubali malipo yoyote watakayopewa, wakae miaka kumi pale pale walipoanzia, kisha waseme Marekani imewachosha.

Anayeidharau kazi hii hajawahi kumgeuza kitandani mtu wa kilo 90 aliyepooza upande mmoja, akarudi kumgeuza tena baada ya saa mbili, usiku kucha, hadi kunapambazuka ngozi ya mgongo ikiwa nzima. Hajawahi kumlisha mgonjwa wa kiharusi akijua kwamba kijiko kimoja cha haraka kinaweza kupeleka uji kwenye mapafu. Hajakesha na bibi mwenye ugonjwa wa Alzheimer anayetaka kutoka nje saa tisa usiku kumtafuta mama yake aliyekufa zamani. Kazi hiyo inataka nguvu, subira na maarifa kwa pamoja. Wewe uliyemuuguza nyanya yako Kisii, Kigoma au Uvira tayari unayo sehemu kubwa ya hayo. Kilichobaki ni kuyapatia cheti.

Na kwa Washington, lile jimbo la Seattle na Spokane, cheti ni jambo zito. Novemba 2011 wapigakura wa jimbo hilo walipitisha pendekezo namba 1163, lililotaka wahudumu wa majumbani wapate mafunzo ya saa 75, wachukuliwe alama za vidole na kuchunguzwa rekodi zao za jinai, kisha wafanye mtihani. Kiwango cha serikali kuu kwa wahudumu wa afya wa nyumbani ni saa hizo hizo 75, lakini Washington iliwaingiza hata wale wanaosaidia kuoga, kupika na kuvaa, ambao katika majimbo mengi huanza kazi na mafunzo machache sana. Kwa hiyo ukimaliza, unatambuliwa na Idara ya Afya ya jimbo, na jina lako linaonekana kwenye orodha ambayo mwajiri yeyote anaweza kuitazama. Hapo huendi tena kuomba kazi kama mtu aliyeokotwa barabarani.

Utaratibu hautishi. Saa tano za mwanzo, mbili za maelekezo na tatu za usalama, unazimaliza kabla hujaanza kumhudumia mteja. Saa 70 zinazobaki unazo siku 120 tangu kuajiriwa kuzikamilisha, na cheti chenyewe kinapaswa kupatikana ndani ya siku 200. Ambao Kiingereza bado kinawasumbua wanaweza kuomba kuongezewa siku 60, na mtihani hutolewa kwa lugha kadhaa, kwa hiyo ulizia lugha zilizopo kabla ya kujisajili. Baada ya hapo kuna saa 12 za masomo ya kujiendeleza kila mwaka, na cheti huhuishwa siku yako ya kuzaliwa. Ndugu zangu mliopitia Nyarugusu na kambi nyingine, ambao karatasi zenu zimeandikwa Januari 1, tarehe hiyo ndiyo itakayohesabiwa. Msiisahau kwa sababu ya sikukuu, maana cheti kikiisha, zamu zinasimama.

Sasa kazi zenyewe ziko wapi? Hapa ndipo watu hupotea, kwa sababu hutegemea binamu mmoja anayemjua bosi mmoja. Milango ni mingi kuliko huo.

Ulio karibu zaidi unaweza kuwa ndani ya nyumba yako. Washington, kupitia Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, humlipa mtu anayemhudumia mzee au mlemavu nyumbani kwake, na mtu huyo anaweza kuwa mtoto wake wa kumzaa. Nimeona familia za Kikongo kule Kent ambamo binti ameacha kazi ya ghala ili amtunze mama aliyekatwa mguu kwa sukari, na hakuna aliyemwambia kwamba, kama mama anastahili Medicaid na wakadiriaji wa jimbo wakathibitisha mahitaji yake, saa za binti zinaweza kulipwa. Mafunzo yanayodaiwa kwa mtoto anayemtunza mzazi wake ni mafupi kuliko ya mtu baki. Mwajiri wa wahudumu wa aina hii ni Consumer Direct Care Network Washington, na kama huna wako wa kumtunza, kuna Carina, mtandao usio wa kibiashara unaokutanisha wahudumu na wateja bila kuwatoza ada. Wanaoajiriwa kwa njia hii husomeshwa na mfuko wa mafunzo ulioanzishwa na chama cha wafanyakazi cha SEIU 775, na saa za darasani hulipwa. Soma tena sentensi hiyo, wewe uliyekuwa unakusanya pesa za ada.

Mlango wa pili ni nyumba za wazee zenye wauguzi saa zote, zile zinazopokea fedha za Medicaid na za Medicare, bima ya wazee. Huko wanatafuta wauguzi wasaidizi, CNA kama tunavyowaita. Kuna kanuni ya serikali kuu ambayo wachache wetu wanaijua: nyumba ya aina hiyo ikikuajiri au ikikuahidi kazi, haina ruhusa ya kukutoza mafunzo wala mtihani. Na kama ulijilipia mwenyewe kisha ukaajiriwa huko ndani ya miezi 12 tangu umalize, unastahili kurudishiwa gharama hizo kidogo kidogo kadiri unavyofanya kazi. Uliza siku ya usaili. Uliza kwa adabu, lakini uliza.

Halafu kuna zile nyumba ndogo wanazoziita AFH, nyumba za kawaida mtaani zenye wazee wasiozidi sita, au wanane kwa kibali maalumu. Zimejaa katika miji ya Federal Way, Tacoma na Lynnwood, na nyingi zinamilikiwa na wahamiaji, Waafrika Mashariki wakiwamo. Ni mahali pazuri pa kujifunza kwa sababu unaona kila kitu, kuanzia chai ya asubuhi hadi mtu anapokata roho. Lakini ni huko pia wapya wetu huumizwa. Utaambiwa uhamie, ulale humo humo, ulipwe kwa siku, mkononi, bila karatasi, na anayekuambia atakuita mdogo wangu. Ndugu yangu, mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara cha jimbo kilikuwa dola 16.66 kwa saa, na baadhi ya miji imejiwekea viwango vya juu zaidi kwa baadhi ya waajiri. Kila saa 40 za kazi zinakupa saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo. Andika saa zako kwenye daftari kila siku, pamoja na za usiku ulizoamshwa. Ukidhulumiwa, Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo hupokea malalamiko ya mishahara kwa mfanyakazi yeyote bila kujali hali yake ya uhamiaji. Kuidai haki yako si utovu wa shukrani kwa aliyekupokea.

Ukiingia mlango wowote kati ya hiyo, lugha zako ziandike juu kabisa ya wasifu wako. Kiswahili, Kilingala, Kibembe, Kinyarwanda, Kifaransa. Kuna wazee wetu katika jimbo hilo ambao maumivu hawawezi kuyaeleza kwa Kiingereza, wanatikisa kichwa tu mbele ya daktari. Mratibu wa zamu mwenye mteja wa namna hiyo atakutafuta wewe kabla ya mwingine.

Wala usihofu kwamba kazi hizi ni za msimu. Julai 2023 Washington ilianza kukata asilimia 0.58 ya mishahara kwa ajili ya mfuko wa WA Cares, wa kwanza wa aina yake nchini Marekani, ili mtu atakapohitaji kuhudumiwa awe na kiasi cha dola 36,500 za kutumia, malipo yakipangwa kuanza Julai 2026. Novemba 2024 kulikuwa na pendekezo la kuufanya mfuko huo uwe wa hiari, na wapigakura wakalikataa. Watu wenyewe wameamua kulipia uzee wao, na uzee huo utahitaji mikono.

Lakini usibaki chini. Hili ndilo linalonikereketa kuliko yote. Mwenye cheti cha mhudumu wa nyumbani anaweza kuwa CNA kwa mafunzo ya daraja ya saa 24 tu. Kozi ya kukabidhiwa majukumu na muuguzi ni saa tisa, na ya kisukari ni saa tatu. Ukiwa nazo, muuguzi aliyesajiliwa anaweza kukuruhusu kutoa dawa, kupima sukari, hata kuchoma insulini, na waajiri hukimbilia wenye karatasi hizo. Ukitimiza saa 1,000 za kuhudumia moja kwa moja umepata mojawapo ya masharti ya kufungua AFH yako mwenyewe. Saa 1,000 ni chini ya miezi sita ya kazi ya siku nzima! Na vyuo vya jamii na vya ufundi vya eneo hilo, Highline, Bates, Renton na vingine, viko umbali wa basi kutoka mnakoishi. Wastani wa mapato ya muuguzi aliyesajiliwa Washington umevuka dola 100,000 kwa mwaka. Zamu mbili mfululizo kila wikendi, mwaka baada ya mwaka, zitakulipia kodi ya nyumba. Darasa la jioni mara mbili kwa wiki litakubadilishia mshahara wenyewe.

Na wewe muuguzi uliyesomea KMTC kule Kenya au Muhimbili kule Tanzania, uliyezalisha akina mama usiku wa manane kwa mwanga wa simu, ukaja Marekani ukavaa sare ya msaidizi na stashahada ikabaki kabatini, nakusihi uitoe. Kufanya kazi ya usaidizi kwa muda hakukushushi, na kutakufundisha mashine zao na Kiingereza chao cha wodini. Ila karatasi zianze kutembea sasa, kwa sababu ndizo zinazochelewa. Tathmini ya masomo yako inataka rekodi zitoke moja kwa moja chuoni, na uthibitisho utoke Baraza la Wauguzi la nchi yako. Nakala uliyobeba mkononi haitakubaliwa. Mtafute mtu wa kufuatilia kule nyumbani, shangazi, mwanafunzi mwenzako, yeyote anayeweza kwenda ofisi ya msajili na kurudi tena wiki ijayo. Mtihani wenyewe wa leseni, NCLEX, una maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa tano, na hupima uamuzi: nani umuone kwanza, nini usikifanye kabisa. Wewe umekuwa ukiamua hayo peke yako katika zahanati yenye kitanda kimoja. Washington ilijiunga na mkataba wa leseni za pamoja mwaka 2023, kwa hiyo muuguzi wa jimbo hilo anayetimiza masharti anaweza kufanya kazi katika majimbo mengine mengi kwa leseni moja. Usipofaulu mara ya kwanza, baada ya siku 45 unaruhusiwa kukaa tena kwenye mtihani. Tafuta wenzako wawili wanaousomea, mkutane kila Jumapili baada ya ibada mkiwa na vitabu mezani. Na barua ya kwenda chuoni kwako iandike leo, kabla hujaingia zamu.