Zamu Sawa, Mgawo Usio Sawa

Mwaka 1985 John Nagle, mhandisi wa Ford Aerospace nchini Marekani, alionya kwamba hata ruta yenye hifadhi isiyo na kikomo haiuokoi mtandao uliozidiwa. Foleni hurefuka, pakiti hukawia hadi muda wake wa kuishi ukaisha, na mwisho zote hutupwa. Tiba aliyopendekeza ni kila mtumaji awe na foleni yake, ruta izizungukie kwa zamu na kutoa pakiti moja moja. Mwenye pupa atajijazia foleni yake mwenyewe.

Ni wazo la haki, lakini lina mtego unaowanasa mafundi hadi leo: zamu huhesabiwa kwa pakiti, ilhali laini hujaa kwa baiti. Ni kama foleni ya bomba ambapo mmoja kaja na kidumu na mwenziwe na pipa.

Mchukue fundi wa ofisi yenye laini ya megabiti 2 kwa sekunde. Ametenga foleni ya simu na foleni ya mafaili, uzito (idadi ya pakiti kila zamu) 1 kwa 1, akaamini simu zimepata megabiti 1, zinazotosha mazungumzo 12 ya kilobiti 80. Ila pakiti ya sauti ina baiti 200, ya faili 1,500. Foleni zote zikijaa, kila mzunguko hupitisha baiti 1,700 na sauti huambulia 200, sawa na kilobiti 235 hivi. Mtu wa tatu akipiga simu, wote watatu wanaanza kukatikiwa, maana wanagombea foleni moja.

Fundi anapandisha uzito wa simu hadi 8, na mambo yanatulia. Siku mikutano ya video inapoingizwa kwenye foleni hiyohiyo, na pakiti zake kubwa, mafaili ndiyo yanayokosa pumzi. Uzito haukuwa mbaya; ulipimwa kwa kipimo kisicho chake.

Mwaka 1989 Demers, Keshav na Shenker walisahihisha hesabu hiyo kwa kuigawa laini kana kwamba ni biti kwa biti. Mwaka 1995 Shreedhar na Varghese wakaja na njia nyepesi ninayoipenda zaidi: kila foleni hupewa posho ya baiti kila mzunguko, na isipotosha pakiti inayofuata, salio husubiri zamu ijayo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika uzito wowote, soma kama kifaa chako kinahesabu pakiti au baiti. Kisha ijaze laini makusudi, usiku ofisi ikiwa tupu, usome baiti zilizotoka kila foleni.