Kope Lililolegea: Tiba au Kubadili Maumbile?

Limetujia swali katika darsa letu hapa Tabora, na limewagawa wanafunzi. Binti ana kope moja lililolegea tangu kuzaliwa, la pili liko sawa. Je, akifanyiwa upasuaji likanyanyuliwa, atakuwa miongoni mwa wanaobadili maumbile ya Allah (SW)?

Ndugu zangu Waislamu, wanaokataza wanayo hoja. Qur'an (4:119) inataja azma ya Iblisi ya kuwaamrisha watu wabadili alichoumba Allah. Na katika Hadith ya Ibn Mas'ud (RA), iliyomo katika Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja miili na wanaochonga meno kutafuta mwanya. Lakini Hadith hiyo imetaja na sababu: kutafuta uzuri. Je, mwenye kasoro naye anatafuta uzuri?

Tutazame kisa cha Arfaja bin As'ad (RA). Alikatwa pua vitani zama za Jahiliya, akaweka ya fedha, ikaoza. Mtume (SAW) akamwamuru aweke ya dhahabu, madini ambayo wanaume wamekatazwa kujipamba nayo. Pua ya dhahabu hainusi, ndugu zangu. Alichorudishiwa Arfaja ni uso wake. Kwa msingi huo huo Baraza la Kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, liliruhusu upasuaji wa kuondoa kasoro na kukataza ule wa pambo tupu.

Tena katika njia ya kale ya misafara, baina ya Bagamoyo na Tabora, iko Ugogo, ambako trakoma imewatesa watu kwa vizazi. Maradhi hayo hukunja kope kwa ndani, nywele zikakwaruza jicho. Daktari hulipasua akaligeuza nje. Sijasikia sheikh aliyekataza.

Kope lililolegea nalo lina hatari yake. Msuli unaolinyanyua huwa dhaifu, na daktari huukaza. Likifunika mboni ya mtoto mdogo na likaachwa, jicho hilo laweza kubaki halioni vizuri hata baada ya upasuaji. Na mtu mzima ambaye kope limeanguka ghafla, akaona vitu viwili viwili au kichwa kikamuuma vikali, asingoje fatwa. Akimbizwe hospitali.

Wapo watakaosema: kama haoni taabu, avumilie, sura si kitu. Sisi wa Tabora tuseme hivyo? Katika mkoa wetu, na Shinyanga na Mwanza, vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, ambayo aghalabu ni moshi wa jikoni wa miaka mingi. Jicho lililo tofauti limemgharimu mtu roho yake!

Rai yangu ni kwamba binti huyu atibiwe, wala asihesabiwe dhambi. Ama mwenye kope nzima anayetaka zifanane na za msanii wa kwenye televisheni, huyo aihofu Hadith ya Ibn Mas'ud. Na sisi tunaobaki kutazama tuna wajibu mzito zaidi. Allah hatazami sura zetu, bali nyoyo na amali zetu. Ndimi zinazocheka kope la mtu nazo zinahitaji tiba, na tiba hiyo haihitaji nauli ya kwenda Muhimbili.

Wallahu a'alam.