Buibui Niliyemkemea

Jumapili iliyopita mchungaji alipofundisha juu ya kuzijaribu roho, mimi nilikaa pale kwa benchi nikifikiria buibui.

Nyumba yetu iko hapa Mbita, karibu na ziwa. Mwaka jana mtoto wetu aliugua malaria mara tatu. Wakati huohuo tukaanza kuona buibui wadogo kwenye ukuta wa chumba chake, wale wa kurukaruka, wasiotega utando. Nikaunganisha mambo hayo mawili. Halafu, Mungu anisamehe, nikaongeza la tatu: mama mmoja mjane, jirani, aliyependa kukaa karibu na mlango wetu jioni. Buibui nikawaua kwa slipa huku nikikemea. Yule mama nikaacha kumsalimia.

Kumbe! Kijana mmoja wa ushirika wetu, aliyewahi kufanya kazi na watafiti wa wadudu, alicheka aliposikia. Buibui huyo wanamjua vizuri. Jina la kisayansi alipewa mwaka 2003, Evarcha culicivora, na anaishi huku kwetu kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda. Akiwa nje hujificha kwenye nyasi na majani ya chini. Akitafuta chakula hupanda mashina ya miti, au huingia kwenye kuta za nyumba zenye mbu. Anachopenda zaidi ni mbu jike aliyeshiba damu, hasa yule yule anayeleta malaria. Damu yetu hawezi kuinyonya mwenyewe, anaipata kupitia mbu tu. Ati hata harufu ya soksi chafu humvuta! (Nikamkumbuka kijana wangu.)

Kwa hivyo alikuwa ukutani kwa sababu mbu walikuwepo.

Sasa najiuliza: hofu ikisema kwa sauti ya maombi, inakuwa imani? Mimi naona hapana. Sikatai kwamba adui yupo. Lakini kujaribu roho ni kazi, inataka kuuliza na kungoja. Mimi sikuuliza kitu. Nilichukua kilichokuwa karibu na ugonjwa nikakiita chanzo chake, na siku hiyo nilijiona wa kiroho sana.

Buibui siku hizi tunawaacha, na neti bado tunatundika, maana hawawezi kumaliza mbu. Yule mama alihama mwezi wa Agosti, akaenda kukaa na binti yake. Nambari yake nilikuwa nimeshaifuta kwa simu.