Imani ya Nahodha na Roho za Abiria

Kila msimu wa mvua, katika makanisa yetu ya Uvira, husikika sala ya kuukemea upepo. Mtu husimama, hunyoosha mkono upande wa Ziwa Tanganyika, huiamuru dhoruba irudi ilikotoka. Wanaosali hivyo nawaheshimu, na nikiwa mzee wa kanisa nimesimama pamoja nao mara nyingi. Lakini mimi pia ni fundi wa boti, na kuna maneno yanayofuata sala hiyo ambayo siwezi kuyaitikia Amina: kwamba anayefunga kamba ya pili amekwisha kuogopa, na anayeogopa hana imani. Kijana mmoja mwenye boti ya abiria wa Baraka aliniambia hivyo uso kwa uso, pwani ya Mulongwe. "Mzee fundi," akasema, "Mungu wangu halali." Nikamjibu kwamba hata mimi naamini hivyo. Kisha nikamuuliza siku hiyo anabeba watu wangapi.

Huku kimbunga kama cha baharini hakitufikii. Tuko karibu mno na ikweta, na mbali na bahari yenye joto inayokilisha. Sisi tuna pepo za aina mbili. Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki hupita juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, na wimbi linalotupiga huku kaskazini limekuwa likikua njia nzima. Huo angalau una msimu wake, na watu wanaujua. Ule mwingine ndio unaoua. Wakati wa mvua, aghalabu usiku, wingu hujikusanya nyuma ya milima ya magharibi, hiyo inayotuinukia moja kwa moja juu ya vichwa vyetu, kisha upepo huporomoka ghafla hadi majini. Wavuvi wa ndagala wakati huo wako mbali na taa zao. Tangu ubaridi wa kwanza uwaguse usoni hadi wimbi la kwanza, muda wenyewe hautoshi hata kuinua wavu.

Ndugu zetu wa pwani ya bahari siku hizi huonywa mapema. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea kisiwa cha Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania ilitangaza mapema, na safari za vivuko kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Mababu zao hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikavunja vyombo bandarini pamoja na meli za Sultani Barghash, ikang'oa mikarafuu na minazi kwa mashamba mazima. Sidhani kama watu wa 1872 walisali kidogo kuliko wa 2024. Walikosa habari tu, na anayekosa habari hadaiwi sawa na aliyeipata.

Sisi wa ziwani tuko kati ya hao wawili. Saa ya dhoruba hatuijui, lakini kwamba itakuja tunajua, kila mwaka, bila shaka yoyote. Kwa hiyo matayarisho yetu lazima yafanyike jua linapowaka, siku ambayo kila mtu anaona kazi hiyo ni ya bure. Hapo ndipo penye ugumu wake, hata kwa moyo.

Niieleze kazi yenyewe. Matanga yamebaki machache, moteri zimeyafukuza, lakini mimi nilifundishwa kwenye tanga na bado naanzia hapo. Foromali, mti unaobeba tanga, ishushwe ilazwe ndani ya chombo. Tanga livuliwe kabisa lipelekwe nyumbani, maana tanga lililokunjwa na kufungwa juu upepo hulifungua upendavyo. Mlingoti ukitoka, utolewe. Mianya ya mbao ikaguliwe na kuzibwa kwa pamba iliyolowa mawese, nayo ngama ikaushwe. Mtumbwi mdogo tunaujaza mawe na kuuzamisha wenyewe kwenye maji mafupi, nao hulala salama kuliko wote. Chombo kikubwa kivutwe juu kwa magogo, na hapa tumepata shida mpya: tangu 2020 ziwa limepanda, limemeza mchanga tuliokuwa tukivutia boti na kuingia majumbani Kavimvira na Kalimabenge. Nimeona boti zimefungwa kwenye nguzo za nyumba ambazo wenyewe wamezihama.

Boti inayobaki majini inataka nanga mbili na kamba ndefu, ndefu kuliko mwenye boti anavyopenda kununua. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu na kuing'oa. Kamba ndefu huivuta kwa ubavu, nayo ikazidi kujichimbia. Upande wa Kalundu chini kunashuka upesi, na nanga ikiteleza kidogo tu imeingia kwenye kina ambacho hakuna kamba itakayokifikia. Kisha zungushia kitambaa kila mahali kamba inapogusa mbao. Mara nyingi nikiitwa asubuhi ya dhoruba kutazama kilichovunjika, nakuta kamba imekatika hapo inaposugua, na kwingine kote bado nzima.

Nimevitaja hivi vyote kwa sababu mazungumzo yetu ya imani huvipita haraka mno. Boti iliyokatika kamba haiendi kuvunjika peke yake. Inabebwa na wimbi hadi kwenye boti ya jirani, inaitwanga ubavuni usiku kucha, na asubuhi yule aliyefunga vizuri hana chombo kama yule aliyelala akimtegemea Mungu. Nani alimpa huyu wa pili ruhusa ya kuiweka mali ya mwenzake ndani ya tegemeo lake?

Nina rafiki Mwislamu, nahodha mzee mwenye asili ya Ubwari, ambaye huja kukaa kwenye karakana yangu. Alinikumbusha mapokeo yanayojulikana sana kwao, ya mtu aliyemwuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akaambiwa afanye yote mawili. Nikamwambia, "Yaya, neno hilo nalipenda. Lakini ngamia yule ni wa mwenyewe. Akipotea, mwenyewe atatembea kwa miguu." Akafikiri kidogo, akasema basi mwenye chombo amebanwa zaidi ya mwenye ngamia. Nami ndivyo ninavyoona.

Katika Biblia yangu ukurasa uliochakaa kuliko zote ni Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo, mfungwa, alionya kwamba msimu wa kusafiri umepita. Akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Upepo ukawakamata. Mabaharia wakaupandisha mtumbwi, wakapitisha kamba chini ya merikebu kuikaza isipasuke, wakatupa shehena. Kisha Paulo akapata ahadi kutoka kwa malaika: hakuna hata roho moja itakayopotea. Ahadi kubwa kuliko hiyo utaitaka ya nini? Lakini usiku wa 14, mabaharia walipopima kina na kukuta kinapungua, wakatupa nanga nne za tezi. Baadhi yao wakaanza kushusha mtumbwi ili watoroke, wakijifanya wanakwenda kutupa nanga za omo. Hapo Paulo, mwenye ahadi mkononi, akawaambia askari kwamba hawa wasipobaki chomboni, ninyi hamwezi kuokoka.

Nimeusoma mstari huo kwa miaka na bado unanitetemesha. Ahadi haikufutwa, na haikuwa na shaka. Lakini ilipaswa kupita katika mikono ya watu wanaojua kazi ya nanga. Merikebu ilikuwa na watu 276, na dhambi iliyotaka kutendeka usiku ule ilikuwa ya wale wachache wenye ujuzi kuwaacha wengine na kujiokoa wenyewe. Nahodha wa leo asiyetengeneza chombo chake amefanya jambo hilohilo bila kushuka kwenye mtumbwi: ujuzi anao, na abiria hawaoni faida yake.

Maana abiria hajui kamba. Mama anayepanda na madumu yake ya mawese anatazama uso wa nahodha, anaona ametulia, naye anatulia. Imani yake kwa Mungu ni yake, ameileta kutoka nyumbani. Imani ya nahodha hakuombwa aichangie. Anaongezewa juu ya kichwa chake kama mzigo wa mtu mwingine, na hajui kwamba anaubeba. Desemba 2014, meli Mutambala ilipozama katika ziwa hili hili, upande wa Kalemie, upepo ulikuwa mkali na watu walikuwa wengi kupita kiasi. Waliokufa walizidi 100. Mazishini watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika usiku na kubomoa nyumba na kuua watu, tukasema hivyo tena. Mfiwa ana haki ya kusema hivyo, na mimi humnyamazia. Mwenye chombo hana haki hiyo mpaka kwanza aseme alifunga nini na alipakia wangapi.

Wala sizungumzii maskini. Yupo mvuvi mwenye kamba moja iliyochoka, hana fedha ya nyingine, na anasali kwa sababu amemaliza vyote vilivyo mkononi mwake. Sala ile ni safi. Nikimwona, nampa kipande cha kamba, na naona aibu kwa niaba ya kanisa kwamba kipande hicho hakijatoka kwenye sadaka.

Ndiyo maana nimepeleka maombi mawili kwenye baraza la wazee. La kwanza, kanisa linunue kamba na nanga za kuazima, ziwekwe karibu na pwani. Hilo limekubaliwa. La pili ni zito zaidi: tunapoitwa kubariki boti ya abiria, tusifungue kinywa kabla wazee wawili hawajaikagua na mwenyewe hajatamka mbele ya watu idadi ambayo hataivuka. Mchungaji bado hajakubali. Anasema, "Mzee, sala hainyimwi mtu." Nimemjibu kwamba waombewe watu wote, saa yoyote, hata wakiwa katikati ya ziwa. Lakini ndoa tunaitangaza Jumapili tatu kabla ya kuibariki, ili mwenye pingamizi asikike. Boti inayobeba watoto wa watu hadi Baraka nayo inastahili kutangazwa hivyo, na mpaka baraza litakapokata shauri mimi sitakwenda kuibariki yoyote.