Ushuhuda wa Mtu Aliyekuwa na Jina

Katika mikesha yetu, kuanzia sharika za Arusha mjini hadi mitaa iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru, ushuhuda unaosikilizwa kuliko wote ni wa mtu aliyekuwa na jina. Akisimama aliyekuwa mwanamuziki, tajiri wa madini au mwanamitindo, hata watoto waliosinzia huamka. Akisimama mama aliyeuza ndizi soko la Kilombero miaka ishirini bila kumdhulumu mteja, tunaimba pambio fupi na kumrudisha kwenye benchi. Hapa ndipo linapozaliwa swali letu: mtu anaposimulia hadharani maisha yake ya sifa na anasa, ni lini anasema kweli inayoponya, na ni lini anaiuza dhambi yake mara ya pili?

Tumwangalie Iman, mwanamitindo aliyezaliwa Mogadishu mwaka 1955. Mpiga picha Peter Beard alipomwona jijini Nairobi mwaka 1975, alikuwa binti wa mwanadiplomasia na mwanafunzi wa Chuo Kikuu, tena mwenye kujua lugha kadhaa. Lakini watu wa New York waliambiwa kwamba ni mchunga mifugo aliyepatikana porini. Baadaye Iman mwenyewe aliusema ukweli huo waziwazi. Sifa zake zilianza kwa hadithi iliyowapendeza wanunuzi, kwa maana umaarufu hupenda hadithi kuliko unavyompenda mtu. Na soko lililonunua picha ya mrembo akiwa juu liko tayari kununua pia kitabu cha kuanguka kwake. Kwa hiyo kusema yote bila kuficha si lazima iwe toba. Inaweza kuwa bidhaa nyingine.

Je, basi ni afadhali kunyamaza? Hapana. Wazee walisema, mficha uchi hazai. Wakasema tena, mficha maradhi kifo humuumbua. Waris Dirie, Msomali mwingine aliyepata jina katika mitindo, alitoa kitabu cha maisha yake mwaka 1998. Angeweza kuishia kwenye kamera na mavazi. Alieleza pia jinsi alivyokeketwa akiwa mtoto mdogo, na jinsi alivyokimbia jangwani ili asiozwe kwa mzee. Mwaka huohuo wa 1998 Tanzania ilipata sheria ya makosa ya kujamiiana iliyofanya ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Sisi wa mkoa wa Arusha tunajua kwamba sheria pekee haitoshi, kwa sababu mila hiyo hulindwa na ukimya wa nyumbani. Naye Millen Magese, Miss Tanzania wa mwaka 2001, alijitokeza kueleza maumivu ya ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Wanawake wengi walikuwa wameambiwa kwamba maumivu ya hedhi ni ya kuvumilia tu. Walipomsikia mrembo wa taifa akilitaja, walipata jina la kumpelekea daktari.

Tofauti iko wapi? Injili ya Luka sura ya 15 inatusaidia. Msimulizi wa habari za mwana mpotevu anautaja uasherati wake kwa maneno machache sana, kisha anatumia nafasi kubwa kueleza njaa, safari ya kurudi na baba anayekimbia. Anayetaja makahaba ni kaka mkubwa, ambaye hakwenda nchi ya mbali. Wakati mwingine ni sisi wasikilizaji, tuliobaki nyumbani, tunaotamani kuhesabiwa makahaba. Tunamsukuma mwenye ushuhuda aseme zaidi, halafu tunajiita watu wa maombi.

Agostino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, aliandika maungamo yake akiwa tayari askofu. Ujana wake ulikuwa na mengi ya kusisimua, lakini dhambi aliyoichimba kwa kina ni kuiba mapeasi pamoja na wenzake, hali hakuwa na njaa. Hakuna anayesinzuka kwa habari ya mapeasi. Lakini kila msomaji hujiona humo: nami nimewahi kupenda ubaya kwa sababu tu ni ubaya. Tena Agostino anazungumza na Mungu. Sisi tunasikia pembeni.

Kwa hiyo naona maswali matatu ya kumuuliza mwenye simulizi, awe mwandishi wa kitabu au ndugu wa jumuiya yetu. La kwanza, ni nani wengine wanaotajwa? Dhambi yangu ni yangu kuisema, lakini ya rafiki niliyekunywa naye si yangu, na amri ya nane inalinda jina lake hata kama habari ni ya kweli. La pili, mwisho wa hadithi ni nani anabaki mkubwa? Kama tunakumbuka magari na hoteli kuliko neema, tumetangaziwa biashara. La tatu, binti wa kwaya mwenye miaka kumi na sita, anayetamani kuwa mwanamitindo, anaondoka na nini? Akiondoka akijua namna ya kumtambua mtu anayetaka kumtumia, ushuhuda umemlinda. Akiondoka akidhani kwamba mtu huanguka kwanza ndipo apate la kumwambia Mungu, tumemkwaza.

Yasiyofaa mbele ya umati yana mahali pake. Kanisa letu la Kilutheri halikufuta ungamo la faragha. Mchungaji anafungwa kutunza anachosikia, na msamaha unaotangazwa hapo ni kamili.

Zakayo naye alisimama kutoa neno. Hakueleza jinsi alivyowabana watu wa Yeriko, wala alivyokula na kunywa. Alitaja nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Waliodhulumiwa hawakuhitaji kusikia zaidi ya hapo.